Taa, Mlio na Jina la Mjukuu Wangu

Kaeni hapo mnisikilize, halafu mniamulie, maana mimi hasira zimenizidi.

Kuna wanaume watatu. Ambakisye ni dereva wa lori la mbao. Akikaa juu kwenye kabini yake, anaona ya mbele ambayo wewe huyaoni. Lusekelo ni fundi umeme wa magari, na akishakataa jambo, amekataa. Asajile anaendesha basi la abiria, na huruma yake haijui ratiba. Halafu yupo mkwe wangu Gwamaka, ambaye kipaji chake ni kujisifu.

Siku ile binti yangu Atupele alishikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga wa Tukuyu akasema tukimbie Mbeya, tukichelewa tutawakosa wote wawili. Tukapanda gari la Gwamaka, mimi nyuma nimempakata mwanangu.

Mlimani tukalikuta lori la Ambakisye linajikokota. Gwamaka akataka kulipita. Ambakisye akawasha indiketa ya kulia, na madereva wa barabara ile wote wanajua maana yake: tulia, kuna gari linakuja. Mkwe wangu akamtukana, ila akatulia. Mara lori la tanki la mafuta likashuka kwa kasi upande uleule tuliotaka kuingia. Tungekuwa majivu.

Kisha Ambakisye akawasha ya kushoto: mbele kweupe, pita. Gwamaka akakata usukani bila kutazama nyuma. Gari likalia, kitaa cha njano kikawaka kwenye kioo cha pembeni, na ile sauti ya mama wa Kijapani iliyorekodiwa mle ndani ya gari ikaanza kufoka. Gwamaka akashtuka, akarudi kushoto, na basi likatupita ubavuni. Sasa mlio huo, wiki iliyotangulia Gwamaka alimpelekea Lusekelo gari aukate waya, eti unamkera.

"Bosi, redio nitakukatia," Lusekelo alimjibu. "Hiki kinachoona nyuma yako sikikati."

Akaitwa fundi uchwara mbele za watu.

Basi lile lilikuwa la Asajile. Nikatoa khanga dirishani, nikaipunga kwa nguvu zote. Akaiona kwenye kioo chake, akapunguza mwendo, tukalipita lori tukamfuata. Akatufungulia njia kwa taa na honi mpaka getini hospitali, kituo chake akakipita, abiria wakimfokea. Daktari alisema tungekawia kidogo tu, asingekuwa na mtu wa kumtibu.

Mtoto wa kiume, mzima. Kesho anapewa jina, na Gwamaka ametangaza aitwe Gwamaka! Nikamuuliza kwa nini.

"Mama, kwani usukani alishika nani?"

Jamani! Wa kwanza kamtukana, wa pili kamdhalilisha, wa tatu hata asante hajampa, leo anataka jina! Ingawa, nisiseme uongo, alipoonyeshwa taa alitulia, na mlio ulipolia alirudi. Wapo ambao wasingerudi.

Atupele kanishika mkono asubuhi hii. "Mama, niletee jina moja," kasema. "Nitakalolitamka mimi, ndilo."

Bila taa tungeteketea. Bila mlio basi lingetusaga. Bila basi, mama na mtoto wangeishia njiani. Nimezunguka na majina haya kutwa nzima, kila nikilichukua moja naona nawadhulumu wengine.

Semeni basi. Huyu hapa mgongoni kwangu amelala, hana jina. Ninyi mngemwita nani?