Beki Asiyetaka Kutoka

Mtu mmoja alikuwa na timu ya mpira wa magongo, ule unaochezwa juu ya barafu, na katika timu hiyo alikuwamo beki aliyeitwa Zefania. Mabao hakufunga, na picha yake haikubandikwa popote. Lakini kwa miaka mingi, yeye akiwapo, golikipa alipumua. Watu walisema, "Kwa Zefania hapiti mtu," nao walisema kweli.

Mchezo huo una desturi yake. Barafu humaliza miguu upesi, kwa hiyo mchezaji hukimbia kitambo kidogo, kisha huruka ubao wa pembeni akakaa kwenye benchi, na mwenzake akaingia. Hakuna anayeona aibu kutoka. Zefania peke yake ndiye aliyeanza kuona vigumu. Sifa zile hazikumtia majivuno, zilimtia hofu. Aliwaza, nikitoka, nani atalinda? Aliyepaswa kumpokea alikuwa Obadia, mtu wa taratibu, ambaye siku zake za kwanza aliteleza mbele ya lango na bao likaingia. Zefania hakuisahau siku ile. Basi mwalimu wa timu akimwita, yeye alijifanya hasikii. Kelele za uwanja zilikuwa kisingizio kizuri.

Ikafika mechi ya mwisho wa msimu. Wakishinda, timu inabaki ligi kuu. Wasiposhinda, inavunjwa na kila mtu ashike njia yake. Walikuwa mbele kwa bao moja. Zefania aliitwa, akabaki. Aliitwa tena, akabaki. Miguu ikawa mizito kama ya mtu anayetembea kwenye tope, na wapinzani hawakuwa vipofu: wakaanza kupitia upande wake. Golikipa aliokoa kwa bahati tu. Ndipo mwalimu akapanda juu ya benchi akapaza sauti: "Zefania, njoo ukae! Lango hili lilikuwapo kabla hujazaliwa!"

Akatoka, machozi yakimlenga. Obadia akaruka ndani. Zefania alijifunika uso kwa taulo kwa sababu hakuthubutu kutazama. Uwanja ukalipuka kwa kelele, naye akajua yamekwisha. Alipofunua uso, Obadia alikuwa amelala kifudifudi mbele ya lango, na kile kisahani cheusi wanachokigombania kikiwa chini ya kifua chake.

Zefania alicheka mpaka akalia. Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia kwa miaka. Akanywa maji, akamaliza chupa nzima, na zamu yake iliporudi akaingia na miguu mipya. Timu ilipona. Naye alicheza hadi mvi zikamtoka, wakati wenzake wa rika lake walikuwa wamekwisha kustaafu, na kila alipoitwa alitoka.

Wewe unayesema nyumba yako haitasimama bila wewe: ni nani anayesubiri pembeni, viatu amekwisha kuvifunga, nawe unamnyima zamu yake?