Mazishi ya Babu Mkuyu

— Mlioketi, mpo?

— Tupo, na masikio tumekuja nayo.

— Niwatulie mzigo?

— Tua, mikono yetu iko wazi.

Basi hapo kale alikuwapo Sange. Kama humjui, ni yule mnyama mdogo mwenye miguu myembamba na pua ndefu isiyotulia, inayonusa huku na huku, chwi chwi chwi, utadhani inatafuta kitu ilichoangusha. Bi Sange alikuwa na watoto watatu, na wote watatu walikuwa na njaa.

Si kwamba alikuwa mvivu. Alipanda mchicha bondeni, kando ya mto. Kiboko akapita, hap, akaumaliza. Akapanda kunde, Kiboko akapita, hap, akazimaliza. Akapanda maboga, Kiboko akapita, hap, akayamaliza pamoja na majani yake, kisha akauliza kama kuna chumvi.

Bi Sange akahamia kilimani, ambako Kiboko hapendi kupanda kwa sababu ya tumbo lake. Lakini huko ardhi ni changarawe tupu. Mbegu zilichungulia jua mara moja tu, zikajuta. Bi Sange akaona wazi kwamba kiangazi kikimkuta bila mboga, itabidi afunge virago aende na wanawe kwa wifi yake, wakaishi kwa kuhesabiwa matonge. Na wifi yake mimi namjua, si mtu wa kuishi naye.

Sasa, pua yake ilikuwa imegundua jambo. Kando ya mto palikuwa na mkuyu mkubwa ulioanguka zamani, umeoza, umekuwa laini. Jua liwake liwezavyo, chini ya gogo lile udongo ulikuwa na majimaji, kwa sababu mti uliooza hunywa mvua na kuitunza. Bi Sange akawaza: gogo hili likizikwa kilimani na udongo ukarundikwa juu yake, mboga zitakunywa humo kiangazi chote. Lakini nani alibebe? Ukoo mzima wa Sange ungelisukuma, gogo lisingejua kama limeguswa.

Ila Sange na Kiboko ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana mchana kweupe, na huna ruhusa ya kununa. Lakini ukifiwa, mtani ndiye huja kubeba maiti, kuchimba kaburi na kumfanyia marehemu mzaha mpaka wafiwa wacheke. Mtani akikataa, hana pa kuuweka uso wake.

Bi Sange akajifunga kanga kichwani, akateremka mtoni akilia.

"Mtani, tumefiwa. Babu Mkuyu ametutoka."

Kiboko akatoa kichwa majini, puuu. "Babu Mkuyu yupi? Lile gogo?"

"Ulilala kivulini pake miaka yote aliyosimama. Sasa amelala yeye, unamwita gogo?"

Kiboko akageuka kulitazama gogo. Ni kweli alilala pale, tangu akiwa ananyonya. Machozi yakamlengalenga, maana alikuwa mlafi lakini hakuwa na roho mbaya. Kisha akauliza, "Na chakula kipo?"

"Kipo, mtani. Kwanza marehemu apelekwe."

Kiboko akalishika gogo kwa meno, bururu, bururu, mpaka kilimani. Akahema. "Na chakula?"

"Kipo, mtani. Kwanza achimbiwe."

Akachimba kwa meno na mdomo, kwatu, kwatu, shimo likatosha. "Na chakula?"

"Kipo, mtani. Kwanza azikwe na wajukuu zake." Wajukuu ni yale matawi makavu, na sanda ni majani yaliyooza. Kiboko akavibeba vyote.

Ukafika wakati wa mzaha. Kiboko akasimama mbele ya kaburi. "Mzee huyu alikuwa mchoyo," akasema. "Matunda yake yalijaa wadudu, na kivuli chake kilihama kila nikisinzia." Halafu, ili kuukamilisha utani, akampa marehemu mgongo, akatikisa mkia, papapapapa, akarusha mavi juu ya kaburi zima kama ilivyo kawaida ya viboko. Watoto wakashikana mbavu. Bi Sange naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa yanapima: hapa yametosha, pale bado kidogo.

"Mtani, umesahau upande wa kichwani."

Papapapapa.

Wakarudishia udongo. "Ongeza," Bi Sange akasema. "Kwetu kaburi la mkubwa hufika kifuani."

"Kifuani kwa nani?"

"Kwako, mtani."

Kiboko akarundika mpaka jua likaanza kushuka. Akapewa tango moja. "Shughuli yenyewe ni arobaini," Bi Sange akamwambia. "Uje na tumbo tupu."

Mvua ya mwisho ikanyesha siku tatu, gogo likanywa likashiba. Bi Sange akapanda mbegu zake. Kisha jua likashika kazi. Bondeni nyasi zikakauka na matope yakapasuka.

Siku ya arobaini, di, di, di, Kiboko huyo anapanda kilima, na tumbo tupu kama alivyoagizwa. Alipofika akaduwaa. Juu ya tuta mchicha umestawi, kunde zimefunga, majani ya maboga yanateleza hadi chini. Mate yakamdondoka. Bi Sange akawavuta wanawe karibu, kwa sababu kinywa kile kingemaliza chakula chao cha kiangazi kizima kwa mikupuo miwili.

Kiboko akafungua kinywa. Kisha akakifunga.

"Hili si kaburi la mzee?"

"Ndilo."

"Nilimzika mimi mwenyewe." Akarudi nyuma hatua moja. "Siwezi kula juu ya mtu niliyemzika."

"Huwezi, mtani," Bi Sange akasema, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Kaa hapo mkekani. Mfiwa ndiye hupakua."

Akampakulia sufuria nzima ya mchicha wa nazi, na watoto nao wakala mpaka wakasinzia. Kiboko akalamba sufuria, akamtazama mtani wake kwa mapenzi makubwa. Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayejali sana afya za wenzake:

"Mtani, huko kwenu hakuna mwingine anayeumwa?"

Bi Sange akainamisha pua. "Mjane wa marehemu, yule mkuyu aliyelala kule kwenye kona ya mto. Hali yake si nzuri."

"Maskini," Kiboko akasema, akaanza kunyoosha mgongo. "Huyo hatafika Ijumaa."

— Mzigo nimeutua, mwenye kichwa aubebe. Na hadithi hii, wapenzi wangu, inatufundisha kwamba anayetaka mboga ashike jembe mwenyewe, asiwasumbue majirani.

— Lakini siku ile Bi Sange hakushika jembe.

— Angelishikaje, naye amefiwa?