Vishikio vya Jiko la Nakijwa

Hapo zamani, na wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani hii ya karibu ambayo baadhi yenu mliiona, palikuwa na mjane mjini Same, jina lake Nakijwa. Ujanani mwake alikuwa mpishi wa harusi kule Usangi, milimani. Hakuna aliyeoza binti bila kumwita Nakijwa asimamie masufuria. Alisonga ugali wa kulisha kijiji kizima kwa mikono yake mwenyewe, huku anaimba, huku anawatania wanaume waliopasua kuni.

Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Ilianza na maumivu ya asubuhi, ikaja na uvimbe, mwishowe ikavikunja vidole kuelekea kiganjani vikabaki hivyo hivyo. Havinyooki, havikamati. Daktari akampa vidonge vya kupunguza maumivu, akamwambia bila kuzunguka kwamba vidole havitarudi.

Mwanawe Mbazi, fundi seremala, akamteremsha mjini akae naye. Nyumbani kwa Mbazi alikuwamo mkewe Nanzia, mtengenezaji wa sabuni za kuuza sokoni, na binti yao mdogo Nietiwe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia. Nakijwa alimpenda Nietiwe kuliko alivyowahi kuwapenda watoto wake mwenyewe, na hakuona haya kulisema.

Basi, mwaka huo Mbazi alikuwa anamalizia makabati ya jikoni kwake. Miaka yote aliwatengenezea wengine, mkewe akiweka vyombo kwenye ndoo na makatoni. Sasa makabati yalikuwa ukutani, ya juu na ya chini, yamepigwa vanishi yanang'aa. Kilibaki kitu kimoja tu, vishikio vya milango.

Akaleta vya aina mbili, akavimwaga mezani. Vya kwanza vilikuwa vya duara, vidogo, vya shaba, vya kukamata kwa ncha za vidole. Vya pili vilikuwa virefu, vimepinda kama upinde, mtu anapitisha mkono mzima.

"Chagueni," akasema.

Nanzia hakufikiri mara mbili. "Mimi nataka kile ambacho mtoto hawezi kufungua. Kabati la chini nitaweka kostiki yangu ya sabuni. Unajua ile dawa inavyokula ngozi."

"Basi vya duara," akasema Mbazi. "Na ndani nitatia sumaku kali. Mpaka ukamate vizuri uvute kwa nguvu. Mtoto hataweza."

Nakijwa alikuwa amekaa palepale, mikono imelala mapajani. Hakuna aliyemuuliza. Naye hakusema. Alivitazama vile vishikio vidogo, akavitazama vidole vyake, akaomba aende akalale kidogo.

Vishikio vya duara vikafungwa. Na tangu siku ile Nakijwa akawa mtu wa kuita.

Akitaka kikombe, "Nanzia mwanangu, nifungulie." Akitaka sukari, "Nanzia mwanangu, nifungulie." Akitaka chumvi ya kuonja mchuzi ambao hakuupika yeye, "Nanzia mwanangu, nifungulie." Nanzia alikuja kila mara, na hakuwahi kununa. Lakini mwanamke aliyelisha vijiji alianza kukaa na kiu ili asiite.

Siku moja mchana, Nanzia yuko uani anakoroga sabuni, Nakijwa alishikwa na kiu isiyovumilika. Akaita. Hakusikiwa. Akapiga magoti mbele ya kabati jingine la chini, vilikokuwa vikombe vya bati, akajaribu kwa viganja, kishikio kikateleza. Akajaribu kwa kiwiko. Mwishowe akainama akakikamata kishikio kwa meno, akavuta.

Hivyo ndivyo alivyomkuta binti yake Mkunde, dada yake Mbazi, aliyekuwa akiishi mtaa wa pili na siku hiyo alikuja kumsalimu. Mkunde alisimama mlangoni, mkoba ukamponyoka.

"Mama! Unafanya nini?"

Nakijwa alikiachia kishikio. Mdomo ulikuwa unatoka damu. "Nilitaka maji tu, mwanangu. Usimwambie mtu."

Mkunde aliwaambia wote. Jioni ile aliongea mpaka majirani wakasikia. "Kaka, nimemkuta mama yetu anauma kabati kwa meno! Kwa meno, kaka! Ulimleta mjini umtunze au umfungie vikombe?"

Mbazi aliinamisha kichwa. Nanzia ndiye aliyejibu, taratibu. "Wifi, moyo umeniuma, sikujua. Lakini na mtoto je?"

"Mlango wa dawa nitautia komeo," akasema Mbazi. "Gumu, mtoto asiliweze. Milango mingine tuweke vishikio virefu."

Kesho yake Mkunde akaja na vishikio virefu vya kutosha, amevinunua mwenyewe. Mbazi alitaka kuiacha milango ya chini na vile vya duara, abadilishe ya juu tu. Mkunde akakataa katakata. "Jiko gani lina vishikio vya sampuli mbili? Kila mgeni atauliza, na kila mgeni ataambiwa ni kwa sababu ya mama. Badilisha yote. Mama asijione kilema ndani ya nyumba ya mwanawe."

Wakamgeukia Nakijwa. Naye, kwa kuwa safari hii aliulizwa, akatikisa kichwa kukubali. Yote, akasema. Makabati yafanane.

Yakafanana. Komeo, Mbazi alisema ataliweka kesho. Kesho yake kukawa na vitanda vya mteja. Kesho ya pili akalisahau. Nanzia naye alisema ataihamisha kostiki aipandishe juu ya dari la stoo, lakini ngazi ilikuwa karakana kwa mumewe, na komeo lilikuwa linakuja, basi akaiacha.

Nisiwafiche, Nakijwa alikuwa na siku za furaha. Asubuhi ya kwanza alipitisha kifundo cha mkono kwenye kishikio kirefu, akavuta, mlango ukaja. Akatoa kikombe kwa viganja viwili. Akachemsha chai, ikammwagikia kidogo, hakujali. Aliinywa amesimama, peke yake, machozi yanamtiririka, na kila akimeza funda anaufungua mlango na kuufunga tena, anaufungua na kuufunga.

Lakini nyuma yake palikuwa na macho yanatazama.

Nietiwe alimwona bibi anavyopitisha mkono. Akaja kwenye kabati la masufuria, akapitisha kifundo chake kidogo, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Mlango ukafunguka. Mtoto akacheka, akageuka kumtazama bibi, na bibi akacheka naye. Walicheka pamoja pale jikoni.

Kisha Nakijwa akaacha kucheka. Akaufunga mlango kwa goti.

Jioni alikusudia kusema. Alilishika neno mdomoni tangu chakula kilipopakuliwa. Mbazi akamuuliza, "Mama, vipi vishikio vipya?" Nanzia alikuwa anamtazama, anatabasamu. Na Nakijwa akaona, kama yuko pale tena, magoti yake sakafuni na shaba ya baridi kwenye ulimi.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema. "Mungu awabariki."

Moyoni akasema, nitamwangalia mimi mwenyewe. Na kweli alimwangalia. Mtoto akienda kulia, naye kulia. Mtoto akienda jikoni, naye jikoni.

Asubuhi moja Nanzia alikuwa uani anamimina sabuni kwenye maboksi. Kostiki iliyobaki, aliyokwisha kuiyeyusha, aliitia kwenye chupa ya juisi akairudisha kabati la chini, anataka kuimaliza mchana. Nakijwa alikuwa anamkorogea mjukuu uji. Mwiko aliuminya kati ya viganja viwili. Uji ulianza kuvimba na kumwagika, akaliinamia jiko kuusogeza.

Akausikia mlango ukifunguka.

Alipogeuka, Nietiwe alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, kifuniko ambacho hakikukazwa kimeshaanguka, anaipeleka mdomoni. Nakijwa aliruka. Aliifikia. Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote, kwamba aliifikia. Viganja vyake viliigusa ile chupa, vikaibana, na chupa ikateleza katikati ya vidole visivyokamata, kama kile kishikio cha shaba kilivyoteleza. Mtoto akavuta, akanywa.

Ukelele uliotoka uliwaleta watu wa mtaa mzima. Hicho kilikuwa kilio cha mwisho cha Nietiwe chenye sauti.

Hakufa. Waliomwona hospitali kubwa walisema angeweza kufa. Koo lilikuwa limeungua, na lilipopona likapona kwa kuziba. Akarudishwa nyumbani na mpira tumboni wa kupitishia uji. Akilia, machozi yanatoka na mdomo unafunguka, lakini husikii kitu. Kama sauti itarudi, madaktari hawakuahidi.

Siku waliyorudi, Mbazi aliingia jikoni na bisibisi akang'oa vishikio vyote. Kisha akang'oa na milango. Vyombo vikabaki wazi. Baada ya hapo akatoka akakaa sebuleni na wengine.

Nanzia ndiye aliyeanza. Alikuwa amempakata mtoto, begi la nguo liko miguuni kwake.

"Baba Nietiwe, mimi siwezi kulala chini ya paa moja na aliyemfanyia hivi mwanangu. Nitajie ni nani. Kama ni mimi, sema, nitaondoka na begi langu na mtoto nitamwacha. Kama ni mwingine, huyo atoke, na asimguse tena mtoto huyu maisha yake yote."

"Wifi, dawa ilikuwa yako," akasema Mkunde. "Wewe ndiye uliyeitia kwenye chupa ya juisi. Ya juisi, wifi!"

"Niliiweka nyuma ya mlango nilioambiwa utatiwa komeo. Na mlango huo ulikuwa haufunguki, mpaka ulipokuja wewe na vishikio vyako vya kufanana! Kaka yako alitaka kuiacha ya chini. Nani alikataa?"

"Nilimkuta mama yangu anatoka damu mdomoni!"

"Na leo mdomo wa mwanangu ukoje?"

Mkunde akafunika uso. Mbazi akanyanyua mkono waache. "Komeo lilikuwa langu," akasema. "Lilikuwa karakana, kwenye droo. Kazi ya muda mfupi tu. Nilitengeneza vitanda vya watu wengine, na mwanangu... mwanangu..."

Hapo Nakijwa akainuka. Akashikilia kiti kwa kiwiko.

"Mnagombania kitu ambacho hamkijui chote," akasema. "Nietiwe alijua kufungua. Nilimwona kabla. Alijifunza kwangu, kwa mkono wangu. Nilimwona, nikacheka, nikanyamaza."

Nanzia akamvuta mtoto kifuani.

"Mama," Mkunde akanong'ona, "kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia mngeving'oa. Mngenirudisha kwenye meno." Hakulia. Machozi yalikuwa yamekwisha. "Nilidhani macho yangu yatatosha. Nikasahau kwamba macho hayakamati chupa. Nanzia mwanangu, rudisha begi lako chumbani. Mimi ndiye nitakayeondoka. Nitarudi Usangi."

Na wote pale walijua kwamba kule Usangi nyumba ilikuwa tupu, na kwamba Nakijwa hawezi kuwasha moto, hawezi kuchota maji, hawezi hata kufungua kitasa cha mlango wake. Kumwacha aende ni kumwacha afe.

"Hapana, mama, nitaondoka mimi," akasema Mkunde. "Sitakanyaga tena hapa."

Lakini Mkunde hakuwa akiishi pale. Kuondoka kwake kusingempunguzia Nanzia mtu yeyote ndani ya nyumba, na alilijua hilo aliposema.

Nanzia hakumtazama mkwewe wala wifi yake. Alimtazama mumewe. "Sema, baba Nietiwe. Mtoto huyu ana njaa, na nataka kujua nani atamlisha leo."

Mbazi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alimtazama mama yake aliyemzaa, dada yake, mkewe, na mtoto aliyekuwa ameanza kulia pale mapajani bila sauti, mdomo wazi. Akafumbua mdomo naye. Likakosekana neno, akabaki hivyo, na mpaka jua linakwenda kutua nyumba ile ilikuwa bado inamsubiri.

Wapo wanaosema ni Nanzia, kwa kuwa dawa ilikuwa yake na chupa ilikuwa yake. Wapo wanaosema ni Mkunde, aliyetaka jiko lipendeze. Wapo wanaosema Mbazi hana haki ya kumhukumu mtu, bali ajihukumu yeye. Wapo pia wanaosema ni Nakijwa, ingawa wanaosema hivyo hushusha sauti, hasa wakiwa na mama zao karibu.

Mimi nimewafikisha kwenye mlango wa sebule ile, na zaidi ya hapo siendi. Ingekuwa ninyi ndio mmekaa kwenye kiti cha Mbazi, na begi liko pale chini, na mtoto ana njaa: je, nani alistahili kuondoka?