Taya la Daktari Jicho

Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi. Mtu anaweza kuwa bingwa wa maradhi ya wenzake, lakini zamu yake ikifika, ubingwa humtupa mkono. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Jicho.

Jicho alikuwa daktari wa meno. Walimbandika jina hilo kwa sababu hakuna uvimbe uliojificha ndani ya taya la mtu ukamponyoka. Hospitali ilipoleta mashine mpya, ile inayozunguka kichwa na kuonyesha mfupa kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa, fundi aliomba kichwa cha kujaribia. Jicho akatoa chake.

"Msitafute akili humo," alitania. "Mtatoka mikono mitupu."

Wiki ileile nesi wake aliifungua picha hiyo, akashtuka. Chini ya gego la kushoto palikuwa na shimo dogo, kiasi cha punje ya hindi.

"Daktari, hiki nini?"

Jicho akatazama, akacheka. "Nilitikisa kichwa, dada. Mashine imeandika kivuli."

"Basi tupige nyingine. Dakika moja tu!"

"Na foleni yote ile nje? Wagonjwa kwanza."

Lo! Kivuli kama kile kingekuwa cha mtu mwingine, Jicho angerudia picha siku hiyohiyo, tena mara mbili. Na kweli, mwaka ule aliwaokoa wengi, huku akiwafokea waliochelewa: "Mlikuwa mnangoja nini?" Mdomo wake wa chini ulipoanza kufa ganzi, alisingizia baridi. Gego lilipolegea, alisingizia umri. Nesi alimkumbusha hadi ulimi ukaota sugu. Mkewe hakuambiwa lolote.

Asubuhi moja, Jicho akitafuna kipande cha mkate, taya likavunjika.

Picha mpya ilisomwa na daktari kijana ambaye Jicho mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Lile shimo lilikuwa uvimbe, nao ulikuwa umekula mfupa kutoka gego hadi kidevuni.

"Mwalimu," alisema, "mwaka jana ningeukwangua kwa saa moja. Sasa sina budi kukata nusu ya taya."

Baada ya upasuaji, mkewe aliketi kando ya kitanda. Nesi alikuwa amekwisha kumweleza yote.

"Baba watoto, watu baki uliwaambia ukweli wote wa mataya yao. Mimi ninayelala nawe ubavu kwa ubavu, hata neno moja? Sawa, mimi ulinificha. Na wewe mwenyewe, ulijificha nini?"

Jicho alitaka kujibu. Meno yaliyosalia yalikuwa yamefungwa kwa waya, na badala ya maneno yakamtoka machozi. Mkewe akamfuta kwa kiganja, lakini hakumwambia pole. Ama kweli, mganga hajigangi.