Ombi la Bi Kasiga

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mto Lukwiza ulikauka upande wa chini wa mpaka. Katika nchi ya juu, Bwana Ntimba, muuza miwa na mchanga wa kujengea, alikuwa amefunga lango la bwawa lake. Mawaziri wa nchi mbili walipanga kulijadili jambo hilo baada ya miezi mitatu. Mpunga wa upande wa chini ulihitaji maji ya mwisho kabla ya kukomaa, na ulibakiwa na siku nne.

Bi Kasiga, katibu wa kamati ya maji, alivuka mpaka na kuku mkononi.

"Umekuja kulia?" Ntimba aliuliza.

"Nimekuja kushukuru, mzee. Lango lisifunguliwe mpaka mwezi ujao."

"Na mpunga wenu?"

"Nani ana shida na mpunga? Mto ulipokauka tumekuta mchanga mweupe kama chumvi. Makandarasi wa mjini wanakuja kesho na malori. Wanasema mchanga wako una tope."

"Makandarasi wangu?"

"Hao hao. Ila maji yakija, mchanga wote unazama."

Ntimba alikohoa. "Mama, mto huu ni wa nchi mbili. Siwezi kuwanyima jirani zangu maji."

"Mzee, nakusihi! Mwezi mmoja tu!"

"Haki ni haki. Chukua kuku wako."

Alasiri wafanyakazi wake walifungua lango lote. Maji yalifika kwenye mpunga alfajiri. Siku hiyo halikuja lori hata moja, kwa kuwa hakuna mkandarasi aliyekuwa ameitwa.