Kwa Nini Fundi wa Kimia Haulizwi Aendako

Kabla vijiti havijafungwa shanga mkiani, na kabla mto haujachomwa hata mwiba mmoja, kimia kilisukwa kwa vidole vitupu. Kimia ni kile kitambaa cha matundu mnachokiona kwenye pindo la shela ya bibi harusi, chepesi hata ukikipuliza kinainuka. Leo fundi hukisuka akiwa na mto magotini, vijiti vikigongana na kulia kama vifaranga. Zamani hizo hapakuwa na mlio wowote. Fundi alifunga ncha za nyuzi kwenye kigingi ukutani, akashika nyingine kwa vidole vya mikono na zilizozidi akazibana kwa vidole vya miguu, akazisuka hivyo hivyo bila kitu cha kuzizuia. Akiachia uzi mmoja, tundu lilifumuka, likamvuta jirani yake, na kabla hujasema bismillahi kazi ya tangu alfajiri imerudi kuwa nyuzi.

Kwa hiyo fundi hakuinuka. Akishaanza kipande asubuhi, aliketi nacho mpaka jua litue, ndipo akakifunga fundo. Alilishwa pale pale, alinyweshwa maji pale pale, na nzi akimtua usoni alifukuzwa na watu wengine. Watu wa mji wa Mwambweni walisema, "Kimia hakiachwi." Waliamini kwamba shela iliyoachwa njiani huzaa ndoa itakayoachwa njiani. Basi hata fundi aliyekuwa na sababu ya kuinuka aliogopa, akakaa.

Katika mji huo aliolewa mwanamke mmoja, jina lake Mize, na nyumba aliyoingia ilikuwa ya kimia. Mama mkwe wake, Bi Somoe, alikuwa fundi asiye na mfano, lakini uzee ulimwingia kwa vidole. Vilivimba vikajipinda mithili ya tangawizi, hata kushika kijiko ikawa taabu. Binti hakuwa naye. Akamketisha mkwewe mbele ya kigingi, akamwambia, "Macho ninayo bado. Wewe uwe mikono yangu."

Sasa Mize alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa mtu asiyetulia. Akipika, angekoroga mchuzi mara moja, akaenda mlangoni, akachungulia njia, akarudi kukoroga tena. Akizungumza alizungumza akitembea. Mumewe Bwanaheri alikuwa akimtania kwamba hata usingizini miguu yake ilikuwa safarini. Mtu kama huyo kumweka kitako kutwa nzima ni sawa na kumfukia mchanga mpaka kiunoni. Sisimizi walimpanda miguuni, sisimizi wasiokuwapo. Mgongo ulimwasha. Kila mlango uliofunguliwa mtaani aliusikia, kila aliyepita alitaka kujua anakwenda wapi.

Lakini mikono yake ilikuwa myepesi, na Bi Somoe alikuwa mwalimu asiyepoteza maneno. "Shika nyuzi mbili mbili," alimwambia siku ya kwanza. "Jozi kushoto, jozi kulia. Chukua zile mbili za katikati, wa kushoto uupandishe juu ya wa kulia. Hapo umepishanisha. Sasa katika kila jozi, wa kulia uupandishe juu ya wa kushoto. Hapo umesokota. Kimia chote duniani ni mambo hayo mawili, pishanisha na sokota. Ukiona maua, ukiona nyota, ni hayo hayo."

"Na uzi ukiisha, mama?"

"Usiufunge fundo katikati ya kazi, litaonekana kama kipele. Mpya uutembeze pamoja na wa zamani, kama mgeni na mwenyeji wake, mpaka umeshaingia. Ndipo wa zamani uukate. Na usivute kwa hasira. Uzi hujua mkono uliokasirika, nao hulipiza pembezoni."

Mize alijifunza. Alijifunza kupaka vidole unga wa mchele ili jasho lisichafue uzi. Alijifunza yote isipokuwa kukaa.

Ikafika harusi ya Mwana Aziza, binti wa jumbe. Shela yake iliagizwa kwa Bi Somoe, na vipande vyote vikawa tayari isipokuwa kimoja, cha mbele, kile kinachoshuka usoni. Mize alikianza alfajiri ya mkesha wa harusi. Siku hiyo upepo ulikuwa mkavu na wa fujo. Madirisha yalijibamiza, mavumbi yalizunguka uani, na huko kwa jumbe twanga twanga ya mpunga haikukoma. Bi Somoe alikuwa amemtuma mtu jana yake akate matawi ya mdimu yaliyokuwa yakiwaparura wapitao, na lundo lake lilikuwa limetupwa chumbani humo, karibu na kigingi, likingoja kuwa kuni.

Nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, aliolewa dada yake Mize, aliyeitwa Tima. Alikuwa mja mzito wa mimba ya kwanza, na mama yao alikwisha kufariki. Alfajiri ile ile Mize aliposhika nyuzi, Tima alishikwa na uchungu.

Mwanzo sauti ilipita ukutani kwa chini, kama mtu anayejikuna kooni. Mize akasuka. Jua lilipopanda, sauti ikapanda nayo. Mkunga akatuma neno kwamba mtoto amekaa vibaya kidogo, na kwamba mzazi anamtaka ndugu yake wa kumshika mgongo.

"Mwambieni yuko kwenye kimia," Bi Somoe akajibu.

Mize akapishanisha, akasokota, akakosea, akarudi nyuma. Miguu yake ilikuwa imebana nyuzi, na ilitetemeka hata nyuzi zikatetemeka nayo. Halafu likaja jina lake, wazi kabisa, kana kwamba ukuta haupo.

"Mize! Dada Mize!"

"Mama, ananiita."

"Nasikia," Bi Somoe akasema. Hakumtazama. "Mkunga yupo. Majirani wapo. Wewe una shela ya binti wa watu mikononi. Kaa."

Akakaa. Alikaa huku moyo wake umeshatoka mlangoni, umeshaingia nyumba ya pili, umeshapiga magoti. Jina lake liliitwa tena na tena, kila mara kwa sauti dhaifu zaidi. Na kisha halikuitwa tena. Upepo ukalia, dirisha likabamiza, mpunga ukatwangwa, na nyuma ya ukuta kukawa kimya.

Kilio alikivumilia. Kile kimya hakukiweza.

"Mama, nishikie nyuzi."

Bi Somoe akamfungulia viganja. Vidole havikunyooka. "Nishike na nini, mwanangu?"

"Basi nisogezee matawi hayo. Na takia lako."

Bi Somoe alisogeza matawi kwa mguu, labda bila kufahamu ya nini, na takia aliloegemea, gumu, lililoshindiliwa makumbi ya nazi, akalisukuma mbele. Mize akalipenyeza kwa goti chini ya kazi yake. Nyuzi za mkono mmoja akazitia menoni, akang'oa mwiba wa mdimu, akaupitisha kwenye tundu la kimia na kuuchoma takiani. Mwiba ukasimama wima, uzi ukavuta, mwiba ukang'oka. Akauchoma tena, sasa akiulaza kichwa nje, kama mtu anayevuta kamba akiegemea nyuma. Ukauma. Uzi ulipouvuta, ukazidi kuuma. Akachoma mwingine upande wa pili, nao akaulaza nje. Miiba ya katikati aliisimamisha wima. Damu ilimtoka vidoleni, akaifuta kwenye nguo yake isiguse kimia.

Zikabaki nyuzi zenyewe, zikining'inia hovyo. Akavunja vijitawi vya urefu wa kidole, akavichuna gamba, akaviringishia kila uzi kwenye kijiti chake, na juu kabisa akaukaza kwa kitanzi ili usijifungue wenyewe. Akavilaza juu ya takia jozi jozi. Lakini vijiti ni vya mviringo. Upepo uliingia mlangoni, vikabiringika, cha kulia kikaenda kushoto, jozi zikaanza kuchanganyikana mbele ya macho yake.

"Umeona?" akasema Bi Somoe. "Kimia hakiachwi."

Mize akashika ushanga uliokuwa shingoni mwake, wa mahari yake, akaukata kwa meno. Akafunga shanga mkiani mwa kila kijiti, mbili tatu kadiri zilivyomjia mkononi. Vile vyenye shanga vilitulia mahali pake kama kuku walioatamia. Shanga hazikutosha vyote. Vichache vya pembeni akaviacha vitupu, akatupa kanga yake juu ya kazi nzima, akainuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alitoka akiyumba, akishika kuta.

"Mize!" Bi Somoe akamwita. "Wenda wapi? Kimia cha watu! Wenda wapi?"

Alikuwa ameshavuka kizingiti.

Alimkuta Tima macho yamefumba, midomo imekauka. Mkunga alikuwa amekaa mbele yake akitokwa jasho. "Hana la zaidi," alisema. "Mtoto ameshageuka, njia iko wazi, lakini mwenyewe ameacha kusukuma. Amekata tamaa."

Mize akapanda kitandani, akaketi nyuma ya dada yake, akamzungushia mikono chini ya maziwa na kumvuta kifuani. "Umeniita," akamwambia sikioni. "Nimekuja. Sasa usinitie aibu. Nimekatiza harusi ya binti wa jumbe kwa ajili yako, nawe umelala?"

Tima akafumbua jicho moja. "Umekawia," akasema. Akalia, na katika kulia kule akapata hasira, na katika hasira akapata nguvu. Akasukuma. Mtoto alitoka ni mwanamke, amefura uso, akipiga kelele kabla hata hajakamilika kutoka.

Mize alibaki vile vile nyuma ya dada yake, mgongo umeegemea ukuta, uzito wote wa Tima uko kifuani pake, mpaka mzazi akalala. Hakuna sisimizi aliyempanda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kukaa mahali bila kutamani mlango.

Aliporudi, jua lilikuwa limeanza kuinama. Bi Somoe alikuwa ameketi pale pale, kanga ameifunua, anaitazama kazi. Hakuuliza habari ya mtoto, kwa kuwa kelele zake alizisikia. Alisema tu, "Haikufumuka."

Haikufumuka. Miiba ilishika kila tundu. Vijiti vyenye shanga vililala vilipolazwa. Vile vichache vitupu ndivyo vilivyobiringika na kutatana. Mize alivitatua, akavitungia simbi, kauri ndogo za pwani, alizozichomoa kwenye kikapu cha mama mkwe, akaendelea kusuka, safari hii kwa kunyanyua vijiti badala ya nyuzi. Kazi ilikwenda upesi kuliko vidole. Na kwa mara ya kwanza kimia kililia. Shanga ziligongana, na sauti yake ikasikika mpaka njiani.

Lakini mji hauna siri. Shangazi wa bibi harusi alikuja kuichukua shela, uso umemkunjamana. "Tumesikia kiliachwa," akasema. "Kiliachwa mchana kutwa kikichomwa miiba kama mnyama wa kuchunwa. Mwanangu hatavaa talaka kichwani."

Mize alisimama, akatembea, akarudi. Kweli alikuwa amekiacha.

Mwana Aziza mwenyewe alikuwa nyuma ya shangazi yake, amejifunika mpaka puani kama desturi ya mwali. Akanyoosha mikono iliyojaa hina, akakishika kipande kile huku na huku, akakivuta. Shangazi akapiga ukelele. Kimia kikanyooka, kikarudi, matundu yake yote mahali pake.

"Mume wangu atasafiri," Mwana Aziza akasema polepole. "Watasafiri wote, shangazi. Mimi nataka hiki kilichoachwa kikangoja." Akakikunja, akakitia kifuani, wakaenda zao.

Mafundi wa Mwambweni walikuja mmoja mmoja kutazama lile takia, kila mmoja akijifanya amepita tu. Wakaenda kuvunja matawi ya midimu yao. Wakagundua kwamba mto laini wa usufi haufai, mwiba hulegea ndani yake. Wakagundua kwamba kijiti kisijazwe uzi mwingi, kitapwaya. Na Mize akawa fundi, fundi anayesuka kidogo, anatoka, anazurura, anarudi, na kazi yake haikuwa na kasoro.

Ikawa siku moja Mize anasuka, na Bi Somoe ameketi ubavuni akimwelekeza ua gumu. Katikati ya neno, mama mkwe akanyamaza. Akashika ukuta, akainuka, akajitanda ukaya wake kichwani na kuelekea mlangoni. Hakuwahi kuinuka kazi ikiwa njiani, tangu usichana wake. Neno likamfikia Mize mdomoni, wenda wapi, akalimeza. Akaweka vijiti chini, akamfuata kwa macho.

Bi Somoe alipita msikiti, akapita visima, akaingia makaburini. Akapiga magoti penye kaburi la zamani lililoota nyasi, akaanza kuzing'oa kwa vile vidole vyake. Lilikuwa kaburi la mama yake mzazi. Siku alipozikwa, Bi Somoe alikuwa ameketi mbele ya kigingi na nyuzi mikononi na miguuni, akilisikia jeneza likipita chini ya dirisha.

Tokea siku hiyo mpaka leo, fundi wa kimia hufunga shanga mkiani mwa vijiti vyake, hulaza miiba ya pembeni kichwa nje, na hufunika kazi kwa nguo anapoinuka. Na anapoinuka, awe mwanafunzi au bingwa, iwe harusi ni kesho au ni leo, aliye karibu naye humpisha njia. Hamuulizi aendako.