Mama Aliyevua Kitambaa Darajani

Kulikuwa na mama mmoja, wapendwa, mjane, katika nchi ya milima na theluji, moja ya zile zilizochomoka dola kubwa ya Kisovieti ilipovunjika. Watu wake wakapiga kura huru kwa mara ya kwanza. Foleni tangu alfajiri, wazee wamevaa suti zao za harusi. Matokeo yakatoka: huyu akasema ameshinda, yule akasema ameshinda, walioshindwa wakawa wapiga kura peke yao. Chekeni, lakini mwezi haukuisha kabla risasi hazijaanza kulia.

Kijiji cha mama kilikatwa na mto. Ng'ambo hii, anakoishi mama, mwanawe ana bunduki. Ng'ambo ile kaka yake, mjomba aliyemfundisha kijana yule kuogelea, naye ana bunduki. Kila mmoja alimtumia mama salamu kwamba yeye hana ugomvi, ila mwenzake akome kwanza.

Asubuhi moja akaambiwa wamekutana darajani, pande zote mbili. Mama akatoka mbio, unga mikononi. Sasa, kule milimani ipo desturi: mwanamke akivua kitambaa cha kichwa akakitupa katikati ya wanaume wanaopigana, hakuna anayethubutu kukivuka. Mama akaingia darajani, risasi zinampita sikioni, akakivua, akakitupa.

Ndugu zangu, kimya. Bunduki zikashuka moja moja. Ukasikika mto, ambao hakuna aliyeusikia kwa miezi mitatu. Jitu la watu, mabega kama mlango wa kanisa hili, lilipiga magoti likalia. Mimi ningekuwepo ningevua viatu.

Kaka yake akasogea mpaka kitambaa kilipoangukia, akasimama. Hakupaza sauti.

"Dada, hiki umekivaa tangu uolewe. Miezi mitatu tunazikana. Ulikuwa unangoja nini?"

Mama akatazama chini.

"Nilikuwa nangoja tushinde."

Mmemsikia? Na sisi je? Wewe hujamsemesha shemeji yako tangu uchaguzi. Wewe pale umehama benchi usikae na fulani, tena benchi jipya lina msumari, unavumilia. Neno la kuumaliza ugomvi unalo, hukosi. Unangoja akiri kwanza kwamba kosa ni lake.

Makaburi ya kijiji kile, wapendwa, yamejaa watu waliokufa katika miezi ambayo mama aliweza, ila alikuwa bado hajataka.